Kibao cha Jikke

Siku ya kuzaliwa ya dada yangu Jikke alikuja Marinus, mwenyekiti wa klabu ya baiskeli. Kama ilivyo desturi kwetu, akatupa mkono wa pongezi sote, mmoja mmoja, mpaka majirani, kisha akaketi kwenye duara letu la viti kama mtu wa nyumbani. Nilimpa kahawa na biskuti moja, nikafunga kopo mbele ya macho yake.

"Jikke, barabara ya juu ya tuta la kuzuia maji tunaipa jina lako," akasema. "Bingwa wa dunia mara mbili! Hadi leo watoto wa shule wanakuimba. Na sisi ndio tuliokufundisha kupambana na upepo."

Nusura nimrushie birika. Walimfundisha! Upepo ukivuma wa ubavuni, waendeshaji hujipanga mshazari barabarani, kila mmoja akijikinga kwa mwenzake. Marinus na genge lake waliuziba mstari makusudi ili msichana akose nafasi, abaki ukingoni, tairi kwenye majani, upepo wote wake. "Rudi ukamenye viazi!" walimzomea. Siku moja alitumbukia mtaroni, wakapita wakicheka. Ndiyo maana kwenye mashindano ya dunia hakuhitaji mgongo wa mtu.

"Sasa kibao tukiweke wapi, bingwa wetu?" Marinus akauliza, jicho kwenye kopo. "Pale penye benchi?"

Jikke akapangusa makombo mapajani.

"Mtaroni," akasema. "Pale pale mliponiacha. Na uingie mwenyewe kukichomeka."