Geji Tano za Injini Iliyokufa

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mpima macho aliingia kwenye gari lake la spoti, akafunga mkanda, na kabla hajagusa ufunguo akaona mshale wa joto umeshafika tisini. Alishuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ilikuwa baridi. Akarudi ndani. Mshale wa mwendo sasa ulisoma kilomita ishirini kwa saa, na gari lilikuwa bado limeegeshwa mbele ya mlango wa jikoni.

Aliandika namba hizo nyuma ya bahasha, maana kazi yake ilimzoesha kuandika namba, kisha akaenda kazini.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, fupi kiasi kwamba ukilipanda unahisi umekaa barabarani. Alilirithi kwa baba yake, aliyeichonga dashibodi ya mbao kwa mkono wake na kuitoboa matundu matano ya mviringo: la mwendo, la mizunguko ya injini, la joto, la oili na la mafuta. Injini ya asili ilikuwa na silinda sita, na kila ikibadilishwa gia ilitoa sauti ya mzee anayetaka kusema jambo kisha akaghairi. Mpima macho aliipenda. Tuseme ukweli, aliipenda kuliko nusu ya ndugu wa mumewe, na hakuona haya kulisema hilo mezani.

Miezi miwili kabla ya Jumatatu hiyo, shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi magari aliyejiita Bingwa, alifika nyumbani kofia mkononi.

"Shemeji, jikaze," alisema. "Injini imekufa."

Mpima macho alilia. Alifunga ofisi siku tatu, na majirani wakaja kumpa pole. Bingwa naye, kwa huruma, akamfungia injini nyingine aliyoitoa kwenye gari la kusambaza mikate. Ilikuwa injini ya adabu. Haikupiga kelele wala kula mafuta, ila kila asubuhi ilisimama yenyewe mbele ya kila duka, na haikuondoka mpaka mwenye duka atoke aseme leo hahitaji. Hilo mpima macho hakulijali, kila mtu ana mazoea yake. Kilichomkera ni geji.

Alhamisi akaenda kwa muuza geji, mama mwembamba asiyecheka, mwenye duka lililojaa mishale mpaka darini.

"Nataka nyingine," mpima macho alisema. "Hizi zimeharibika."

Muuza geji alitoka nje, akainama ndani ya gari na kugonga vioo vitano kwa ukucha, kimoja kimoja.

"Ni nzima. Zinasoma injini yake."

"Injini yake ilikufa."

"Aliyekufa hana joto la tisini, mama."

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma masharti ya dhamana, kwamba geji haifuati gari, hufuata injini iliyokua nayo. Watu hubadilisha injini wakaacha geji, halafu wanalaumu nyaya. Mpima macho alitikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jambo la maana, na alishangaa tu kwa nini Bingwa hakumwambia.

Basi wakachagua. Seti ya kwanza ilikuwa na fremu za kung'aa na namba za kijani, nzuri ya kutia wivu, ila mishale yake yote ililala. "Injini yake iko ng'ambo," alisema muuza geji. "Kule sasa hivi ni usiku." Seti ya pili mishale iliruka, ikaanguka, ikaruka tena, kwa sababu injini yake ilikuwa mikononi mwa mtu anayejifunza kuendesha. Ya tatu ilitulia pale pale tangu mwaka juzi. Ilikuwa ya jenereta, na mwenye jenereta hauamini umeme. Mwisho muuza geji akatoa chini ya kaunta kipande kimoja cha plastiki, cha mraba, cha rangi ya uji, chenye chembe za mkate ndani ya kioo. Nje, gari la spoti liliunguruma kidogo, na mshale wa kile kipande ukaitika.

"Hii ndiyo yako," alisema. "Sura hana, ila hatakudanganya."

Mpima macho aliitia kwenye mfuko wa karatasi akafikirie. Kuifunga kungemaanisha kung'oa geji zote tano na kuikata mbao ya baba kwa msumeno. Lakini alipokuwa akirudi hakufikiria mbao hata kidogo. Alikuwa akiwaza neno moja tu, kwamba injini yake i hai, na alitabasamu mbele ya maduka yote sita ambako gari lilisimama.

Jumamosi alikuwa kwenye taa za barabarani, mshale wa mwendo ukisoma ishirini, ulipopita mbele yake msafara wa mazishi. Magari tisa yalijikokota nyuma ya gari la maiti la manispaa, jeusi, lenye mapazia. Gari la maiti likabadili gia. Mzee akataka kusema jambo, akaghairi, na mshale wa mizunguko mbele ya mpima macho ukaruka na kutua papo hapo. Alijawa na furaha, kisha na hasira, kisha taa zikawaka kijani. Saa moja baadaye, akiwa sokoni, aliona mshale wa mwendo umefika mia na arobaini. Gari la maiti lilikuwa linarudi tupu.

Alikwenda moja kwa moja gereji.

"Bingwa, injini yangu iko kwenye gari la maiti."

Bingwa alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ndiyo, shemeji."

"Uliniambia imekufa!"

"Sasa ikishakufa, ulitaka ikae kwenye gari gani?"

Mpima macho aliinua macho. Ukutani, juu ya kichwa cha Bingwa, kilining'inia cheti cha manispaa kikimshukuru kwa kulipatia gari la maiti injini mpya kabisa. Kilikuwa ndani ya fremu, na fremu ilikuwa imefutwa vumbi.

Nyumbani mumewe alisikiliza yote akijikuna kisogo. "Ni mdogo wangu, nifanyeje?" alisema. "Halafu umesema mwenyewe inafika mia na arobaini. Kwetu ilikuwa inaishia ofisini kwako."

Jumatatu mpima macho alifunga ofisi asubuhi moja, akatia spana mbili kwenye mkoba na kwenda uani kwa manispaa, akiwa ameapa kurudi na injini yake hata kwa mkokoteni. Alimkuta dereva wa gari la maiti, bwana mwenye suti nyeusi na soksi za rangi mbili tofauti.

"Wewe ndiye mwenye geji za injini hii?" dereva aliuliza akichungulia dashibodi ya gari jekundu, akamshika mikono yote miwili. "Nimekutafuta, dada yangu! Mimi zangu zinasoma injini ya zamani, na ile ilikufa kikweli. Sifuri tupu. Naendesha kwa dua. Juzi imechemka mlimani, tukamshusha marehemu tukamweka kivulini mpaka ipoe. Hakusema kitu, lakini si unajua mtu akikasirika anavyokaa?"

Mpima macho alifungua boneti. Injini ilikuwa na matope mpaka shingoni. Akachomoa kijiti cha oili, na oili ilikuwa imebaki tone, nyeusi kama masizi.

"Kwenye rejeta unatia maji gani?"

"Ya bomba."

Alifumba macho. Alipoyafumbua, geti lilikuwa limefunguliwa na ukoo mzima umeingia na cheti cha kifo, wakitaka gari saa nane. Manispaa nzima ilikuwa na gari moja tu la maiti. Mwanamke mmoja kati yao alikuwa amevaa viatu viwili visivyofanana na hakuwa na habari. Mpima macho alirudisha spana kwenye mkoba, akamwambia dereva aongeze oili kabla ya saa nane.

Alikaa ndani ya gari lake kwa muda, na kile kipande cha plastiki kikiwa mapajani. Akikifunga, atajua kila kitu kuhusu injini ya mikate, ambayo haijawahi kumpa mtu wasiwasi. Na injini ya baba yake itapanda milima bila jicho la mtu. Matundu yalikuwa matano tu, na yote yameshajaa. Alikirudisha kipande dukani siku hiyo hiyo. Muuza geji alifungua daftari la bidhaa zilizorudishwa, na kwenye safu ya sababu akaandika "mapenzi".

Tangu hapo mpima macho huendesha kwa masikio. Huegesha chini ya dirisha la ofisi, mlango wa gari ukiwa wazi, mita sita kamili kutoka kwenye kiti chake, umbali anaowapimia wagonjwa. Simu ya dereva wa gari la maiti hulia wakati wowote.

"Soma tena mstari wa tatu," humwambia mgonjwa, kisha huchungulia nje. "Joto mia na tano. Simama. Zima kabisa. Nani leo?"

"Mwalimu mstaafu wa hesabu," husema dereva.

"Basi namba hizo atazielewa."

Jumapili moja ukoo ulikuwa mezani kwa chakula cha mchana. Bingwa alimeza tonge, akaweka kijiko chini.

"Shemeji, jana simu imelia mara nne hukupokea. Injini nusura iunguze gasketi. Manispaa wananiuliza mimi, siyo wewe. Hivi unaijali kweli?"

"Nilikuwa na mgonjwa."

"Na mwenzako alikuwa na maiti."

Meza nzima ilimgeukia. Mumewe akamsogezea bakuli la mboga, ndiyo njia yake ya kusuluhisha. Kila aliyekuwa pale alijua nani aliiba na nani aliibiwa, hata mama mkwe, ambaye alikuwa anatafuna taratibu akimwangalia mpima macho kwa masikitiko. Alitamani kumrushia Bingwa lile bakuli.

"Nisamehe, Bingwa," alisema. "Haitatokea tena."

"Haya, yameisha," alisema Bingwa, akachukua kijiko.

Mpima macho alisema anakwenda kunawa mikono. Alipitia mlango wa jikoni, akaingia kwenye gari na kuketi. Mwendo ishirini, joto themanini na nane, oili chini kidogo. Alikaa pale kiganja chake kikiwa juu ya kioo, mpaka mishale yote mitano ikalala, ndipo akajua dereva na marehemu wake wamefika makaburini salama.