Neno Asilolitamka MaShezi

Mgomo ulikuwa umefika mahali ambapo hata kanisa limechoka kutugawia unga, ndipo nilipojua kwamba MaShezi, mwenzangu wa kiwandani, anaandika.

Nilimkuta uani kwake anachana maboksi ya kiwandani awashe moto, yale maboksi ya nyuzi tuliyokuwa tukiyabeba nyumbani enzi tukiwa na kazi. Ndani ya boksi moja nikaona mistari ya penseli. Nikalinyakua kabla halijaingia motoni.

"Lete hapa, Thandekile. Huo ni uchafu."

"Tangu lini uchafu ukapangwa mistari?"

Nikasoma nimesimama. Shule mimi niliiacha ningali mdogo. Kusoma nilijifunza kwa matangazo ya kufukuza watu yanayobandikwa getini, na sijasahau hata moja. Kwa hiyo maneno yanayouma nayajua. Haya yaliuma. Yalimhusu baba mkwe wake, mzee aliyesokota pamba ya kiwanda kile hadi pamba ikamwingia kifuani ikahamia huko. Wakampa saa ya mkono, wakamwonyesha mlango. Saa imekufa zamani. Kikohozi kipo.

Kila ubeti uliishia na mstari uleule: *Tuna*. Baada ya hapo, patupu. Boksi tu.

"Tuna nini?"

Akautazama moto. "Unajua."

Nilijua. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, wala neno lolote lenye sauti ya jina lile. Mkwewe anaitwa Mandlakayise. Na lile neno la nguvu tunalolipigia kelele kila mkutano ngumi ikiwa juu, *Amandla!*, umati ukajibu *Awethu!*, nguvu ni zetu, limo mlemle ndani ya jina la mzee. Ndiyo sababu MaShezi mikutanoni alisimama kama nguzo, mdomo umefungwa, na wanaume wakaanza kunong'onezana kwamba huyo ndiye anayepeleka habari zetu polisi. Hakujitetea. Angejiteteaje bila kulitaja?

"Jumapili utalisoma hili ukumbini," nikamwambia. Aliyezoea kutufungulia mikutano kwa mashairi polisi walikuwa wamemchukua.

"Ili wanicheke? Shairi la nguvu lisilo na nguvu yenyewe! Haya ni maneno ya mke wa mtu, ya kunong'onea sufuria. Pale husimama watu wenye ndimi zao."

"Mzee hatakuwepo. Yuko kitandani. Ukilitamka nani atamwambia?"

"Nitasikia mimi."

"Basi weka neno jingine, lile la heshima mnalotumia nyie wakwe badala yake."

"Nimeliweka, nikalifuta, nikaliweka. Linalegea kama uji." Akachochea moto. Halafu akasema kwa sauti ndogo: "Na nikilisoma Jumapili, Jumatatu nitasainije?"

Meneja alikuwa ametoa karatasi: atakayesaini kwamba amejitoa katika chama cha wafanyakazi atarudi kazini, asiyesaini asahau. Jumatatu ndiyo mwisho.

"Kumbe unataka kusaini wewe?"

"Dawa ya mzee imekwisha. Watoto jana wamekula putu, ugali mkavu, bila hata maziwa ya mgando. Ndiyo, nataka! Wewe huna mtu, Thandekile. Wewe hasira zako zinakutosha kwa chakula cha jioni."

Nikaondoka na lile boksi kwapani. Hakunizuia.

Jumapili ukumbi ulijaa, ila hakuna aliyeimba. Watu walikaa kama waliokuja kutazama maiti. Zakhele, mwenyekiti wetu, akauliza nani atasaini, na mikono ikaanza kwenda juu, mmoja mmoja, kwa aibu. Nikaona mkono wa MaShezi unainuka magotini, unajiandaa. Nikasimama.

"Kabla hamjajiuza, kuna mtu ana neno!"

Nikamwekea boksi lake mapajani. Alinitazama kwa chuki ambayo hadi leo naikumbuka. Lakini wote walikuwa wameshageuka, na kubaki ameketi kulikuwa kugumu kuliko kusimama. Akasimama.

"Walituuliza tumetoka na nini nyumbani," akasoma. "Wakatupima mikono kama wanaopima ng'ombe. Wakachukua migongo, wakachukua usingizi. Wakauliza, mna nini kingine? Tuna..."

Akakwama.

"Tuna njaa!" akadakia mtu nyuma. Ukumbi ukacheka, kicheko kibovu cha watu walioshindwa.

Akasoma ubeti wa pili, wa mzee na vumbi jeupe. Kicheko kikapungua. Akafika mwisho wake. "Tuna..."

"Malizia basi! Au mabwana zako polisi wamekukataza?"

"Hata salamu ya chama hajawahi kuitikia huyo!"

Niliona anaanza kulikunja boksi. Nilikuwa nafungua mdomo niwatukane wote, lakini MaDlomo, mama mzee anayesafisha vyoo vya kiwanda, alinitangulia.

"Nyamazeni, mabwege nyie! Mmeoa, mmezaa, na bado hamna akili. Mmeuliza baba mkwe wake anaitwa nani?"

Nikaiona habari inapita ukumbini, kutoka kwa mwanamke hadi mwanamke, bila kutamkwa. Kila mmoja wao alikuwa na neno lake analolizunguka maisha yake yote. Wanaume walibaki wakitazamana.

"Soma, mwanangu," akasema MaDlomo. "Ukifika pale, sisi tupo."

Machozi yalikuwa yakimtoka MaShezi waziwazi. Akalikunjua boksi.

"Na siku watakayotukuta getini, mifuko mitupu, vifua vimejaa pamba yao, watauliza tena, hawa wana nini? Tuna..."

"*AMANDLA!*"

Wanawake, wote kwa pamoja. Wanaume walichelewa kidogo kujibu, lakini walijibu, na mabati yakatikisika. MaShezi hakufungua mdomo. Alisimama katikati ya kelele ile kama mtu anayenyeshewa.

Sitawadanganya kwamba tulishinda. Jumatatu wako waliosaini. Nawajua kwa majina na kwa mashine zao. MaShezi hakusaini. Tulisimama naye nje ya geti, malori yakapita na watu wapya, na hatukurudi tena kazini. Mzee Mandlakayise alizikwa kabla ya mvua.

Baada ya mazishi Zakhele alimletea karatasi. Chama kilitaka kulichapa shairi kwenye gazeti lake, naye alikuwa ameshaliandika upya vizuri, na kila palipokuwa wazi amejaza lile neno kwa wino.

MaShezi akaichukua kalamu mkononi mwa Zakhele, akalifuta kila lilipo.

"Lakini mama, mzee ameshakufa. Na wasomaji wataona patupu."

"Si patupu," akasema. "Hapo pana watu."