Maji Yametiwa Dawa

Kimya ndicho kilichomwamsha Abalo. Kila Jumamosi asubuhi wake za askari hugombana kwenye tangi la kambi kama kuku kwenye mtama, na kelele za madumu humwamsha hata aliyelala amelewa. Leo hapakuwa na dumu hata moja. Akachungulia dirishani. Tangi jeusi lilisimama peke yake, na wanawake walikuwa wanaelekea geti la chini, la kuteremkia mtaa wa Bwaise, madumu mkononi. Walikuwa wanakwenda chemchemini.

Chemchemi ile Abalo aliijua kuliko alivyomjua mumewe. Yeye alikuwa mpimaji wa maabara kwenye zahanati moja huko Katwe, na baada ya mafuriko ya wiki iliyopita aliyachota maji yake akayapima kwa mkono wake mwenyewe. Vyoo vya mtaa mzima vilikuwa vimemwagikia humo. Mtoto wa Aol, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuwa amelazwa kwa kuharisha. Atakayeyanywa leo, kabla ya Jumanne atamfuata.

Kosa lilikuwa lake. Alilijua kabla hajafunga leso kiunoni.

Jana jioni, baada ya kutia klorini kwenye tangi, aliandika habari hiyo kwenye blogu yake. Blogu iliitwa Tone Moja. Alieleza humo mambo ya maabara kwa Kiswahili, kwa kuwa kambi ile ya polisi ilikuwa na Waacholi, Walugbara na Waiteso, na nyuma ya ukuta Wakongo wapangaji, na hakuna lugha nyingine iliyowakutanisha wote. Akaibandika kwenye kundi la WhatsApp la kambi, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Kichwa cha habari kilikuwa: "Maji ya tangi yametiwa dawa."

Kwenye vitabu vya chuo dawa ni dawa. Lakini nusu ya wanawake wale walikuwa Waacholi kama yeye, na Mwacholi akisoma Kiswahili hukisikia kwa lugha ya mama yake. Kwao neno ni moja tu: yat ni mti, yat ni dawa, na yat ndiyo ile sumu ambayo mke mwenza humtilia mwenzake kwenye pombe. Anayetia yat kwenye maji ya watu hatibu mtu. Anaua. Abalo alizaliwa na neno hilo mdomoni, akalisahau siku alipotaka kuandika kisomi.

Aliwakuta getini. Mbele alikuwa Alanyo, mke wa sajini na mwenyekiti wa wanawake wa kambi, mwanamke ambaye hata mbwa wa doria walimpisha.

"Mama Okidi, msiende huko. Maji yale ni kinyesi kitupu," Abalo alimwambia.

"Na ya tangi?" Alanyo hakutua dumu lake. "Wewe mwenyewe umeandika. Mimi kusoma najua."

"Nimeandika dawa. Dawa ya kuua vijidudu."

"Inaua," Alanyo aliwageukia wenzake. "Mmesikia. Anasema inaua."

Wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Mmoja akauliza kwa nyuma kama mume wa Abalo, ambaye wao walimwita Mama Ocira, amesharudi kutoka kazini Karamoja, ama naye alitiliwa.

Abalo akawaomba dakika tano tu. Wakamfuata hadi kwenye tangi, wengi kwa umbeya. Akachota maji kwenye kikombe cha kioo, akatumbukiza kidonge cha kupimia alichokuja nacho kutoka maabara. Alitaka kuwaonyesha sayansi kwa macho. Kidonge kikayeyuka, na maji, kama yanavyofanya siku zote klorini ikiwamo ya kutosha, yakageuka mekundu kidogo, waridi.

Wanawake wakarudi nyuma kwa pamoja.

"Damu," akasema mtu.

"Siyo damu. Hii rangi ndiyo inayoonyesha maji ni mazuri."

"Mama Ocira," Alanyo alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, "hata mtoto wa chekechea anajua. Maji mazuri hayana rangi."

Abalo akaitazama simu yake. Kila neno alilolitoa lilikuwa linamfungia mlango mwingine. Akifuta habari ile kwenye simu, watasema anaficha ushahidi. Akiieleza tena, ataongeza dawa juu ya dawa. Na madumu yalikuwa yanaanza tena kunyanyuliwa. Akachukua kikombe kingine, akakinga maji ya tangi bombani, akayanywa mbele yao mpaka tone la mwisho.

"Haya."

"Haya nini? Anayetia ndiye mwenye kinga," alisema Alanyo. "Huko nyumbani umeshakunywa kitu cha kuizuia. Kaa hapa tukuone mpaka jioni. Ukiwa mzima, tutachota."

"Nina nguo za kufua. Nina watoto."

"Watoto wako tutawapa chai. Kaa."

Wakamletea kigoda. Abalo akakaa, kwa kuwa waliahidi kutochota chemchemini hadi jua lizame, na hilo ndilo lililokuwa na maana. Saa nne jua likampata usoni. Saa sita alitaka kwenda msalani. Wawili wakainuka pamoja naye na kusimama mlangoni, asije akajitapisha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, akajiambia, na angalau kisima hiki kilikuwa na klorini.

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa mkuu wake wa maabara. Habari ya tangi ilikuwa imesomwa na watu elfu mbili, na shirika fulani lilitaka Abalo aende Ijumaa kuwafundisha wenzake namna ya kuzungumza na wananchi. Aliusoma mara mbili, akaigeuza simu kifudifudi juu ya goti.

Alasiri akapita Perpétue, Mkongo aliyekuwa akisuka nywele karibu na geti. Akamtazama Abalo kigodani, akawatazama walinzi wake, akauliza kuna nini. Akaelezwa.

"Na weye nawe, kwa nini unasema dawa?" akamwambia Abalo. "Kwetu Butembo, wakati wa kolera, tulisema maji imeoshwa. Nani anaogopa kitu kimeoshwa?"

Abalo alitaka kumjibu kwamba maji hayaoshwi, kwamba klorini haisugui kitu, kwamba mkuu wake angecheka. Badala yake akaichukua simu, akaandika kwenye kundi, maneno manne tu: "Maji ya tangi yameoshwa."

Simu zikalia kwenye mifuko na vifuani, moja baada ya nyingine. Alanyo akaisoma yake taratibu, midomo ikicheza.

"Kumbe uliyaosha," alisema. "Si ungesema?"

"Ningesema," alijibu Abalo.

Kabla jua halijazama foleni ilikuwa imefika ukutani, na ugomvi wa nani ametangulia ulikuwa umerudi. Hakuna aliyeshuka chemchemini. Abalo akainuka, magoti yakalia, akakiokota kigoda akirudishe.

"Kiache hapo," Alanyo alisema bila kugeuka, dumu lake likijaa. "Tangi linajazwa siku gani tena?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Basi ukishaosha, unakunywa, unakaa tukuone. Kila mara. Hatukatai maji yako, Mama Ocira. Lakini dawa uliandika wewe."

Abalo aliifikiria Ijumaa, ukumbi, watu wakingoja awafundishe kuzungumza. Kisha akamfikiria mtoto wa Aol hospitalini.

Akakiweka kigoda chini, upande wa ukuta, ambako alasiri huwa na kivuli.