Pasi Sita Zilizozimwa

Odessa Tarpley aliwahi kulala jela siku kumi na moja kwa kosa la kukaa kwenye kiti. Kiti chenyewe kilikuwa mkahawani, katikati ya mji wao mdogo wa Georgia, Marekani, na weusi hawakuruhusiwa kukikalia. Kiangazi cha mwaka 1964 sheria ikabadilika. Jumamosi iliyofuata alivaa kofia yake ya kanisani, akamchukua rafiki yake Verlene, wakaenda kula kwenye mkahawa ule ule.

Hakuna aliyewafukuza. Mhudumu wa kizungu aliwapa menyu, akasubiri na kalamu mkononi. Odessa alisoma bei mara mbili. Sahani moja ya kuku ilikuwa sawa na ujira wake wa saa tatu za kupiga pasi.

"Tuletee kipande kimoja cha pai ya pichi," alisema, "na uma mbili."

"Mwenzangu," Verlene alimnong'oneza, "kumbe tumesota mwaka mzima tuje kugawana pai?"

Walicheka mpaka watu wakageuka. Njiani kurudi, Odessa hakucheka tena.

Jumatatu, kwenye kiwanda cha kufulia walikofanya kazi, alimfuata mwenye kiwanda, Bwana Haskew.

"Wazungu wanaokunja mashuka unawalipa mara mbili yetu sisi wa pasi. Tunataka sawa na wao."

"Binti," Haskew alimwambia, na Odessa alikuwa na miaka arobaini na minne na wajukuu wawili, "si mmeshapata mlichokitaka? Siku hizi mnakula popote."

"Ruhusa tunayo, bwana. Cha kulipia ndicho hatuna."

"Rudi kazini."

Alirudi, akaizima pasi yake ya mvuke, akavua aproni. Nyumbani kwao ni yeye tu aliyekuwa na kazi. Verlene akazima ya kwake. Zikafuata nyingine, hadi zote sita zikawa kimya. Wanawake wakatoka, wakasimama langoni.

Siku ya nne hoteli kubwa ya mji, iliyofuliwa mashuka yake pale, iliishiwa mashuka, na mwenye hoteli hakutaka kusikia hadithi. Haskew akasalimu amri: malipo sawa kwa wote. Ila Odessa asikanyage tena pale.

"Basi haingii mtu," Verlene alisema.

"Acha ujinga, dada. Una watoto wanne. Mkibaki nje, atawaajiri wengine kwa bei ya zamani. Ingieni!"

Verlene aliingia huku analia. Odessa hakujiona shujaa. Alifika nyumbani akajitupa kitandani mchana kweupe, viatu miguuni.

Miezi miwili alifua nguo za watu uani kwake. Kisha wapishi wa ile hoteli, waliokuwa wamesikia habari zake, wakamwita kanisani awaeleze wanawake wa pasi walivyofanya. Hakuwahutubia. Alimwuliza kila mmoja analipwa kiasi gani. Wapishi wakatazamana: miaka yote ile walikuwa hawajawahi kuambiana mishahara yao, kwa hiyo hakuna aliyejua kama anapunjwa.