Dakika Arubaini za Futari

...na hata kama ni vali, vali ziko arubaini na mbili kwenye chombo kile, kwa nini iwe hii hii, namba tisa, ya bomba la oksijeni, iliyopita mikononi mwake mwenyewe, Wadha alijiuliza, macho yake kwenye saa kubwa ya ukutani inayohesabu kurudi nyuma, iliyosimamishwa kwenye dakika kumi na nne tangu saa tatu asubuhi, na humu katika chumba cha kuongozea, ghorofa ya tano, mtaa wa Qurum, watu wanasemezana chini chini kama waliokuja kumtazama mgonjwa, na kwenye skrini roketi imesimama uwanjani kwake, mbali huko kusini, inafuka moshi wa baridi, imetulia, haina habari. Bi Harusi, ndivyo mafundi walivyoiita, mara tatu imeruka, mara tatu imerudi ikasimama wima juu ya tishari baharini, na haijapata kutoka kwa wakati hata siku moja, leo kipimo, kesho upepo, na Marhoon, mkuu wao, huwaambia wageni, subirini, bado anapambwa. Leo Marhoon hatanii. "Vali imechelewa kufunguka," anasema, "kidogo tu, chini ya nusu sekunde. Sasa nnataka kujua, kipimo kinatudanganya au vali yenyewe nzito? Kila meza initolee jibu..." na Wadha anasikia nusu, nusu nyengine iko kwenye simu aliyoilaza kifudifudi mezani, ujumbe wa Enos, yule fundi Mkenya wa karakana ya Rusayl, umeingia asubuhi, *Madam, ile siku ya futari si tulizima mashine?* ameusoma mara tano, hajaujibu, atajibu nini... tulizima, ndiyo, lakini dakika arubaini ni nini mbele ya saa sita? Chombo kilikuwa kimerudi na chumvi ya bahari, kikaoshwa kwa maji matamu, kisha kila bomba lipulizwe hewa kavu saa sita mfululizo, mfululizo, neno lenyewe limekolezwa wino kwenye kitabu cha kazi, na mashine haiachwi bila mtu, sheria hiyo, tone likibaki ndani likakutana na baridi ya oksijeni linaganda, na vali iliyogandiwa leo huchelewa, kesho hukwama, na ikikwama angani hakuna cha kurudi juu ya tishari. Na ilikuwa Ramadhani. Adhana imelia, na Enos, mtu wa kanisa, hafungi, lakini mwezi mzima hakunywa hata maji mbele yao, akasema, "Madam, nyinyi endeni mkafungue, mimi nitabaki na hii mashine, hakuna shida," na yeye Wadha, yeye, si mtu mwengine, akajibu, "Hata! Sisi tule wewe ukae na mtambo? Aibu gani hiyo? Zima, twende," na Enos akazima, wakaketi mkekani, tende, uji, kachori za mama yake Wadha, Enos alikula saba, walimcheka mpaka machozi... Walirudi wakawasha. Saa nane mchana mpaka saa mbili usiku ni saa sita, mkono ukaandika sita kwenye karatasi, tumbo limeshiba, moyo mweupe, na Enos akatia sahihi chini yake kwa sababu madam keshatia. "Kipimo," anasema Fahd wa meza ya kwanza. Bibi yake Wadha, Mahbuba, hapigi pasi kanzu kabla ya kulitia pindo shavuni, nguo nzima kavu, yeye analitafuta pindo, maji hukimbilia pindoni mwanangu, na bomba la namba tisa lina kiwiko, pale linapopinda, Wadha alikiona kwa macho yake, kiwiko ndilo pindo... lakini akisema, chombo kifunguliwe, wiki mbili, tatu, na jina lake litolewe kwenye meza hii aliyoililia miaka minne, anaogopa, ndiyo. "Kipimo," anasema Maram, meza ya pili. Aseme kipimo na yeye, neno moja, saa itembee, pengine Bi Harusi ataruka salama, pengine. Na asiporuka salama watafungua karatasi wasome, mwendesha mashine, Enos, na Enos ana mkataba unaoisha mwezi ujao, nani atamwuliza habari ya kachori? Atabeba yeye, mtu aliyesema nitabaki. Hapo ndipo aibu ilipompata Wadha, aibu ya kweli, si ile aliyoikimbia siku ile, na ajabu, ilipokuja ilimtuliza, maana kumkaribisha mtu futari si kosa, hilo angelifanya tena kesho, kosa ni ile sita, na sita aliiandika yeye.

"Wadha?" anaita Marhoon. "Unasemaje, mwanangu?"

Akaigeuza simu, ujumbe ukawaka, akawajibu wote wawili kwa mdomo mmoja.

"Tulizima."

"Mmezima nini?"

"Mashine ya kukaushia, bwana Marhoon. Wakati wa futari. Enos alitaka kubaki, mimi ndiye niliyemwambia azime, na mimi ndiye niliyeandika saa sita."

Ukutani bado ni dakika kumi na nne.