Kitambaa cha Akiba

Waume wengine huwadanganya wake zao kwa maneno. Fundi alimdanganya mkewe kwa cherehani.

Ilianza miezi mitano nyuma, wiki chache baada ya kuambiwa kwamba uvimbe wa tumboni mwa mkewe ni saratani. Mke alivaa koti lake la bluu, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Koti limenikimbia." Kisha akakaa kitandani akalia. Fundi hakukiweza kilio kile. Kesho yake, mkewe alipojilaza mchana, alilifumua koti, akalibana inchi moja kila upande, akalirudisha kwenye msumari wake kana kwamba halijaguswa. Mke akalivaa, likamkaa, akacheka.

Basi Fundi akanogewa. Kila mwili ulipopungua, naye alipunguza nguo. Ila kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani ya mshono, kiwe akiba ya siku mkewe atakapopona na kunenepa tena. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa, mkasi mkononi tangu ujana, akaamini kwamba ugonjwa unaweza kubanwa kwa uzi. Mapenzi yana ujinga wake.

Sasa walikuwa wamesafiri siku mbili kwa basi hadi kituo cha utafiti, ambako dawa mpya ilikuwa ikijaribiwa. Hospitali yao ilikuwa imeishiwa la kufanya. Wakikataliwa hapa, hakuna pengine. Ukumbini watu walikaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na bahasha ya picha zake za eksirei mapajani, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

"Humo ndani usiongee sana," mke alimwambia. "Watadhani mgonjwa ni wewe."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani. Aliisoma barua yao mara mbili.

"Mama, leo una kilo arobaini na saba. Huko kwenu mbona hawakuandika uzito wa zamani?"

"Mizani yao mbovu tangu mwaka jana," Fundi alidakia.

"Basi nitauliza hivi. Wapo watu wembamba wa kuzaliwa. Miezi hii sita, mama, umekonda? Nguo zinakupwaya?"

"Hata kidogo," mke alijibu. "Koti hili ninalo mwaka wa tatu. Tazama mwenyewe."

Alisimama, akageuka taratibu. Koti lilikuwa limemkaa barabara. Daktari akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu. Fundi, Mungu amsamehe, kwanza aliona fahari kwa kazi ya mikono yake. Hofu ilikuja baadaye.

"Daktari, kwani mtu akikonda kuna nini?"

"Dawa hii ni kali, baba. Mwili unaokwisha haraka hauihimili. Tulishawapa wawili wa namna hiyo. Hawakumaliza wiki."

Mke alimkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Fundi aliitazama kalamu ikishuka kwenye karatasi. Akinyamaza, huenda atamzika kabla ya Jumapili. Akisema, atamzika vilevile, ila baadaye.

"Nimelibana mimi," alisema. "Mara nne. Kiuno kilikuwa inchi thelathini na sita. Sasa ni ishirini na nane."

Daktari aliomba koti, akaligeuza ndani nje. Mikunjo ilikuwa pale, minene, mmoja juu ya mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi iliishia mezani pale. Daktari akaweka kalamu chini.

"Poleni sana. Siwezi kumwandika."

Aliwapa barua ya dawa za maumivu na kuwasindikiza hadi mlangoni.

Nje, kwenye benchi la saruji, Fundi alilia waziwazi.

"Nisamehe, mama. Nilikuficha."

"Ulinificha nini?" mke alisema. "Miaka thelathini mke wa fundi, nisiujue mshono mpya? Uzi wa zamani ulikuwa umepauka. Wako ulikuwa unang'aa."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilicheka ili na wewe ucheke."

"Na mle ndani? Ungekufa ndani ya wiki!"

"Pengine. Pengine nisingekufa. Nilitaka kubahatisha, na mwili ni wangu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi. "Ulipobana hukuniuliza. Uliposema hukuniuliza."

Walikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni.

"Una mkasi?" mke aliuliza.

Mkasi mdogo haukukosekana mfukoni mwa shati la Fundi. Mke akavua koti. Chini yake blauzi ilikuwa nyepesi, na mbavu zilihesabika.

"Hiyo mikunjo yako inanichoma tangu tupande basi. Ikate."

"Nikiikata, koti haliwezi kupanuliwa tena."

"Najua."

Fundi alilipokea, akaligeuza mapajani. Akapitisha kidole gumba juu ya inchi nne za kitambaa cha akiba. Akakata. Kipande cha bluu kikaanguka chini, na ndani yake rangi ilikuwa bado mpya kabisa.

Mke akakiokota, akakiweka ndani ya bahasha ya picha.

"Sasa upande wa pili," alisema.