Samaki Wanaomjua Rutayisire

Ijumaa, siku moja kabla ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Rutayisire alitoa kokoto zote kwenye kitalu chake cha mboga, akaziloweka katika beseni la javeli, ile ya kung'arishia mashuka, kisha akazisugua kwa brashi ya viatu. Zilikuwa kokoto nyeusi za volkano, nyepesi kama maandazi, na zilikuwa zimeota utelezi wa kahawia. Kesho yake watu wa njia yao ya Kagugu wangeingia uani kunywa maji baada ya kufyeka, naye hakutaka waone utelezi. Video aliyojifunzia kufuga samaki na mboga pamoja ilieleza kwamba ndani ya utelezi huo ndimo wanamoishi vijidudu wanaogeuza kinyesi cha samaki kuwa chakula cha mboga. Rutayisire aliisikiliza hadi mwisho, akaona ni mafundisho ya watu wachafu.

Alizisuuza mara moja, akazirudisha, akawasha pampu aliyotumiwa na mwanawe Muhire. Maji yakapanda kutoka tangi la samaki, yakapita kwenye mizizi ya mchicha wa dodo na seleri, yakarudi tangini yakinuka kama sakafu ya hospitali.

Asubuhi sato walikuwa wamekufa. Hawakuelea. Waliendelea kuzunguka tangini kwa mwendo wao wa siku zote, ila matamvua yalikuwa yametulia na macho yamekuwa meupe kama yai la kuchemsha. Valens, jirani anayefuga sungura, alimtoa mmoja, akamgeuza, akamrudisha majini.

"Hizi zimekufa, Mzee."

"Una hakika?"

"Zimekufa kabisa. Lakini zinatembea vizuri."

"Zimetiliwa sumu," alisema Rutayisire.

Alikuwa ametunza stoo Kanombe, uwanja wa ndege, hadi alipostaafu, na stoo ilimfundisha kwamba kitu hakiharibiki chenyewe, kuna mtu. Akaanza kuwapima watu. Sungura wa Valens walikuwa wamekonda, na mtu mwenye sungura waliokonda hafurahii samaki wa jirani walionona. Lillian, mkewe, hakuwahi kupenda samaki hata wa kukaanga. Halafu alikuwako Médiatrice, mpangaji wa chumba cha nyuma, aliyekulia Burundi na sasa akiuza sambusa kwa watu wa maduka ya Muhima. Dirisha lake lilitazama tangi. Mwezi uliopita alisema pampu inamnyima usingizi, na alilisema jambo hilo kwa upole. Upole huo ndio uliomkaa Rutayisire rohoni.

Samaki aliyeuawa humtazama aliyemuua. Hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu. Kwa hiyo baada ya umuganda, majembe yakiwa bado mikononi, majirani walipita mbele ya tangi mmojammoja. Rutayisire alisimama nyuma ya kila mmoja na kumshika mabega ili asiyumbe.

Valens alitangulia. Sato wote wakageuka upande wake na kutulia.

"Wewe wamekuzoea," alisema Rutayisire. "Pita."

Akaja Lillian. Sato hawakujisumbua kugeuka, kwa kuwa walikuwa wanatazama huko tayari.

"Mikono yako inanuka javeli, Baba Muhire," alisema Lillian.

"Pita, mama."

Médiatrice alikuwa mfupi. Aliposimama, macho meupe yalipita juu ya kilemba chake, yakaenda kutua nyuma, palipokuwa na kidevu cha Rutayisire.

"Hapo sasa," alisema Rutayisire.

"Mzee, hizi haziangalii mimi. Zinaangalia juu yangu. Sogea kidogo pale kwenye kamba ya nguo, tuone."

"Nikisogea utakimbia."

"Nikimbie niende wapi na hizi kandambili?"

Watu wawili walicheka, kisha wakaacha. Valens aliutazama mpini wa jembe lake. Wote walikuwa wameona. Lakini mzee hasahihishwi katika ua wake mwenyewe, tena mbele ya mkewe. Wakanywa maji yao, wakashukuru, wakaenda.

Habari za sumu zilifika Muhima kabla ya Médiatrice. Jumatatu aliwakuta wateja wake wameshiba. Jumanne waliendelea kuwa wameshiba, na mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akila kwake kila siku, alisema daktari amemkataza mafuta. Médiatrice alichukua sambusa moja, akaila mbele yao hadi kipande cha mwisho, wakamwangalia kama watu wanaosubiri kitu. Wiki ile hakuimaliza. Alifunga godoro lake kwa kamba, akamwachia Lillian ufunguo.

"Wewe unajua, mama," alimwambia.

"Najua," alisema Lillian, akaupokea.

Mboga zikaanza kuwa njano, maana samaki waliokufa hawali, na wasiokula hawaachi kitu majini. Rutayisire aliamini sumu ya Médiatrice bado inafanya kazi. Hakuwatoa sato. Alipokwenda bafuni walimgeukia. Aliporudi waligeuka naye. Alipokaa kibarazani walijipanga kwenye ukuta wa tangi, vichwa vyote upande wake, wakabaki hivyo mpaka ainuke. Alizoea. Kwa kweli alijisikia vizuri.

Akaja kijana mmoja, Sangwa, kuangalia chumba. Alisimama karibu na tangi wakati mzee akivuka ua.

"Samaki wako wanakupenda, Mzee."

"Wananijua," alisema Rutayisire, akaanza kuichunguza mikono ya kijana yule, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.